Likizo ya Agosti: Kabla ya kufunga virago kwenda Afrika Kusini

TANGU Januari 1, 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida haombi viza kuzuru Afrika Kusini. Anaruhusiwa kukaa huko hadi siku 90 kwa mwaka. Tangu hapo nasikia habari hizo kila ninapokwenda, kwenye chama, ndani ya matatu, hata nje ya kanisa watu wakisalimiana baada ya ibada: "Agosti hii twaenda Afrika Kusini." Nami huwa na swali moja tu. Afrika Kusini ipi?

Sifanyi mzaha. Nchi ile ni kubwa zaidi ya Kenya mara mbili na ina mikoa tisa, na likizo ya Agosti ya watoto wetu huangukia katika majira yao ya baridi, yanayoanza Juni. Tena ukisikia baridi usidhani ni baridi moja. Cape Town, kule kona ya kusini magharibi, baridi huja pamoja na mvua na upepo wa bahari. Johannesburg baridi ni kavu. Jua huwaka mchana kutwa, mbingu haina wingu hata moja, halafu usiku ukiingia unadhani umefungiwa ndani ya friji. Durban iliyo katika pwani ya mashariki mchana wake hufika nyuzi 23 hivi, yaani kuna joto kuliko Nairobi yetu ya kipupwe. Na mwendo wa saa tatu tu kwa gari kutoka Durban hiyo hiyo, kuna milima ya Drakensberg ambako theluji huanguka. Kwa hivyo mtu anayesema atakwenda Afrika Kusini wakati wa baridi bado hajasema lolote mpaka ataje sehemu.

Nalijua hili kwa sababu mwaka wa 2024 sisi nyumbani kwangu tulikaa miezi saba tukipanga safari hiyo, na nusura upangaji wenyewe utukosanishe.

Tulikuwa watu watano. Mimi na baba watoto, kifungua mimba wetu aliyekuwa na miaka 13, kitinda mimba wa miaka tisa, na mavyaa yangu ambaye alikuwa ametimiza miaka 68. Kila mmoja alikuwa na Afrika Kusini yake kichwani. Baba watoto alitaka Cape Town na hakutaka kusikia jingine. Alitaka kupanda Mlima wa Meza, kuvuka kwenda Robben Island na kupigwa picha mahali bahari mbili zinaposemekana kukutana. "Utaendaje Afrika Kusini usione Mlima wa Meza?" alikuwa akiuliza. "Watu utawaambia ulikuwa wapi?" Watoto nao walitaka theluji. Walikuwa wameona video za Julai 10, 2023, siku theluji ilipoanguka Johannesburg watu wakatoka maofisini kuichezea, na hapakuwa na njia ya kuwaelewesha kwamba jambo lile lilikuwa halijaonekana mjini humo tangu Agosti 2012. Kwao, Afrika Kusini ilikuwa nchi nyeupe.

Mama ndiye aliyekuwa hasemi anataka nini.

Wifi yangu, binti yake wa pekee, anaishi Pietermaritzburg. Alikwenda huko kusoma, akapata kazi, akaolewa na kijana wa huko huko. Ni mtu mwema, kwa vile ninavyomfahamu. Lakini mambo yalifanyika kinyume na desturi. Posa haikuletwa Busia, mahari haikuzungumzwa, na mama alizipata habari za ndoa baada ya ndoa kufungwa. Aliapa mbele ya ndugu zake kwamba nyumba ile hataikanyaga. Miaka mitano ikapita kwa simu za Krismasi ambazo zilikuwa zikizidi kuwa fupi. Halafu wakazaliwa watoto pacha. Pacha wenyewe walikuwa na miaka miwili na nusu siku mama alipokuja kwangu Nairobi kumwona daktari, tukawa tumeketi jikoni tukichambua kunde, naye bila kuinua macho akaniuliza, "Huko kwa wifi yako, baridi yake ni kama hii ya hapa?"

Nilimjibu kwamba nitaulizia. Usiku huo nikamwambia baba watoto mpango wake wa Cape Town tuutazame upya.

Mpango wenyewe, kwa haki, ulipendeza kwenye karatasi. Siku 12. Mbili Johannesburg, kisha ndege hadi Cape Town siku tano, kisha tukodi gari tufuate barabara ya pwani ya kusini siku tatu, na mbili za mwisho tuzipitishe kwa dada yake. Nilichukua kalamu nikaanza kuandika maili. Kutoka Johannesburg hadi Cape Town ni kilomita 1,400, sawa na kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ukarudi, ukaenda tena. Kutoka Cape Town kurejea Durban ni zaidi ya kilomita 1,600. Mpango ule ulikuwa unataka mama mwenye umri wa miaka 68, ambaye safari ya basi kutoka Busia humlaza siku mbili, azunguke nchi nzima ndipo apewe saa 48 za kumaliza ugomvi wa miaka mitano. Mtu hawezi kupatana na bintiye kwa saa 48, msomaji. Siku ya kwanza ni ya chai na kuulizana habari za majirani.

Sisemi kwamba Cape Town ni mbaya mwezi wa Agosti. Kuna wanaoupenda wakati huo kuliko Desemba, kwa sababu watalii wamepungua, vyumba ni nafuu na milima imevaa kijani. Ukiwa kijana, au mko wawili tu na hamna haraka, nenda. Mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka mjini kuna mji wa Hermanus ambako nyangumi huja karibu na nchi kavu kuanzia Juni hadi Novemba, na unaweza kuwaona ukiwa umesimama juu ya mwamba na kikombe chako cha kahawa, hulipi boti wala nini. Na ikiwa mvua zilikuwa nzuri, Agosti na Septemba nyika ya Namaqualand kaskazini mwa hapo hujaa maua ya rangi ya machungwa kama zulia lililotandazwa. Lakini lazima uende ukiwa na siku za ziada za kupoteza. Kigari cha nyaya kinachopandisha watu Mlima wa Meza hakiendi upepo ukivuma, na kila mwaka katika msimu huo wa baridi hufungwa siku kadhaa kikarabatiwe. Boti za Robben Island nazo huahirishwa bahari ikichafuka. Mtu aliyepanga Jumanne mlima, Jumatano kisiwa, Alhamisi ndege, anaweza kurudi Nairobi akiwa ameona madirisha ya hoteli yenye matone.

Tena kuna suala la nyumba. Watu wengi husoma nyuzi za joto wakasema, "Ala, nyuzi saba? Limuru huwa hivyo." Kweli. Lakini baridi unayoisikia si ya nje peke yake. Nyumba nyingi za Afrika Kusini, kama zetu, zimejengwa kana kwamba majira ya joto hayaishi. Hazina mitambo ya kupasha joto kama ya Ulaya. Sakafu ni ya vigae, madirisha ni kioo kimoja, na chini ya mlango unapita upepo. Mama ana baridi yabisi ya magoti. Nilikuwa najua vile Julai ya Nairobi inavyomfanya. Asubuhi hushuka kitandani kwa kushika ukuta. Nikamwambia baba watoto kwamba safari ya jamaa nzima hupangwa kwa kufuata goti la aliye dhaifu, si macho ya aliye na kamera.

Alinuna siku mbili. Nilimwelewa, maana pesa zilizokuwa zikitumika zilitoka katika sacco yake pia, na Mlima wa Meza alikuwa ameuota tangu akiwa shule ya upili.

Mbuga ya Kruger tuliiondoa bila ubishi. Najua wapo watakaonishangaa. Wakati wa baridi ndio wakati wake mzuri, kwa kuwa mvua haijanyesha kwa miezi, nyasi ni fupi na wanyama hukusanyika penye maji, na hata mbu wa malaria hupungua, ingawa hawaishi. Ni mbuga ya karibu kilomita mraba 19,500. Maasai Mara ukiiweka humo utaitafuta. Lakini Agosti ndio mwezi nyumbu wetu wanavuka Mto Mara. Mkenya kulipa nauli ya ndege kwenda kuona simba wa watu wengine mwezi huo, mimi naona ni kama kubeba mahamri kwenda nayo Mombasa.

Tulichofanya mwishowe ni kuchukua mkoa mmoja, KwaZulu-Natal, na kukaa humo. Ukiutazama kwenye ramani utaona jinsi ardhi yake inavyoteremka kama ngazi. Juu kabisa magharibi ni Drakensberg, yenye vilele vinavyopita mita 3,000, mpakani na Lesotho. Ukishuka unakuta mashamba na vilima vya kijani, halafu Pietermaritzburg ndani ya bonde lake, halafu kilomita 80 mbele yake ni Durban na Bahari ya Hindi, ile ile inayopiga Mombasa. Baridi zote tatu, ya theluji, ya bonde na ile ambayo si baridi hata kidogo, zimo ndani ya mwendo wa siku moja. Tuliamua kulala usiku mmoja Johannesburg, usiku saba Pietermaritzburg kwa wifi, na usiku nne Durban. Kupanda milimani kungekuwa kwa siku moja, ya kwenda na kurudi, na mama hakulazimishwa.

Kwa bahati, likizo yetu ya Agosti hailingani na yao. Shule zao zilikuwa zimefungwa tangu katikati ya Juni zikafunguliwa Julai, hivi kwamba Durban ilikuwa imetulia tulipokuwa tukitafuta vyumba. Randi moja wakati huo ilikuwa kama shilingi saba za Kenya. Na kabla ya kulipia nyumba yoyote ya wageni nilikuwa nauliza maswali mawili ambayo naona nikuachie: je, kitanda kina blanketi la umeme, na je, kuna hita ya gesi umeme ukipotea? Mwaka wa 2023 mgao wa umeme ulikuwa umewatesa sana, na ijapokuwa tangu mwishoni mwa Machi 2024 taa zilikuwa zikiwaka, wenye nyumba walielewa kwa nini nauliza. Mmoja alicheka akaniambia, "Mama, wewe umewahi kukaa hapa?"

Kuhusu karatasi, viza imeondolewa lakini kadi ya chanjo ya homa ya manjano haijaondolewa. Anayetoka Kenya huitishwa, na chanjo yapasa iwe imechomwa angalau siku kumi kabla ya safari, kwa hivyo usiikumbuke ukiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Ukishachanjwa ni ya maisha. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia beba, na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, beba barua yake ya idhini.

Nguo ndizo zilizotuletea mjadala mrefu. Baba watoto alisema Durban ni pwani, kwa nini tubebe makoti? Hapo nikamsimulia kisa ambacho huenda unakijua nusu. Juni 7, 1893, wakili kijana aitwaye Mohandas Gandhi aliteremshwa kwa nguvu kutoka behewa la daraja la kwanza katika stesheni ya Pietermaritzburg, kwa sababu ya rangi yake. Kisa hicho husimuliwa kama mwanzo wa mapambano yake. Ila yeye mwenyewe, alipoandika habari za maisha yake, alieleza pia kwamba kulikuwa majira ya baridi, na baridi ya sehemu zile za juu ni kali, na koti lake lilikuwa ndani ya mzigo uliochukuliwa na watu wa reli. Hakuthubutu kuliomba, akiogopa kutukanwa tena. Akakaa chumba cha kungojea usiku kucha akitetemeka. Mji ni ule ule, na Durban alikotoka mchana huo ni ile ile. Makoti tuliyabeba. Tulikwenda Gikomba Jumamosi moja tukapata manne mazuri kwa bei ambayo sitaitaja nisije nikawapandishia, na la mama, la sufi ya samawati, akalikataa kwa siku tatu kisha akaanza kulivaa ndani ya nyumba.

Jambo jingine linalosahaulika ni urefu wa mchana. Sisi watoto wa ikweta tumezoea jua kuzama saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Kule, katikati ya Agosti, jua la Durban huzama saa kumi na moja na nusu kwa saa zao, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukilala mpaka saa tatu asubuhi kwa sababu ya baridi, ukala polepole, siku yako imebaki kipande. Sisi tulipanga kuiteremka barabara kuu ya kutoka Johannesburg, kilomita 500 hivi hadi Pietermaritzburg, kwa mwanga mtupu. Wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na barabara ni nzuri, lakini ukifika Van Reenen inaanza kuteremka kutoka uwanda wa juu, malori ni mengi, na usiku huwa na ukungu. Nyasi pande zote mbili zilikuwa zimekauka rangi ya simba na mitaroni kulikuwa na sakitu nyeupe iliyokuwa bado haijayeyuka saa tatu asubuhi. Watoto walitaka tusimame. Tulisimama, wakaikwaruza kwa kucha, wakairamba, nami nikajifanya sijaona.

Tulifika kwa wifi saa tisa alasiri. Sitakueleza yote ya mlangoni, mengine ni ya jamaa. Nitasema tu kwamba mama alimsalimu mkwewe kwa mkono wa mbali, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, koti lake la samawati mwilini, mkoba mapajani, kama mtu anayengojea matatu. Siku ya kwanza ilikuwa ya chai na habari za majirani, kama nilivyotabiri. Ya pili pia. Siku ya tatu ilikuwa baridi mno asubuhi, bonde lile hushika baridi ya usiku kama sufuria, na pacha wakawa hawataki kutoka kitandani. Mama akaingia nao chini ya blanketi la umeme. Alikuwa hajawahi kuliona. Nilipopita mlangoni nikawasikia, yeye akiwafundisha kuhesabu, wao wakimjibu kwa Kizulu. Aliwauliza nyama wanaiitaje, wakasema inyama. Maji? Amanzi. Watu? Abantu. "Kumbe hawa ni watu wa kwetu," nikamsikia akijisemea.

Siku ya tano mkwewe, ambaye kwa miaka mitano alikuwa akiogopa kupiga simu Busia, aliomba kuzungumza naye kuhusu mahari. Walikaa kwenye baraza upande unaopigwa na jua, maana mchana wa baridi kule jua ni tamu, hata sweta unaivua. Walikaa saa tatu, wifi akiwa mkalimani. Katika mpango wa kwanza, siku hiyo ya tano tungekuwa Cape Town tukitazama kama mlima umefunuka.

Baba watoto, usije ukadhani alinyimwa yote. Jirani na Howick, dakika 30 hivi kutoka Pietermaritzburg, ndiko Mandela alikokamatwa na polisi Agosti 5, 1962 akiwa amejifanya dereva. Mahali hapo pamesimamishwa nguzo 50 za chuma, tangu mwaka wa 2012. Ukizikaribia ni vyuma tu visivyo na mpangilio, lakini ukisimama penye alama njiani zinageuka kuwa uso wa Mandela. Alizizunguka kama mtoto, akirudi nyuma, akienda mbele. Tulipokuwa Durban tukampeleka Inanda, kwenye shule ya Ohlange ambako Mandela alipiga kura yake Aprili 27, 1994. Hata sasa husema Robben Island ni mahali Mandela alikofungiwa, na kwamba yeye ameona alikoanzia kufungwa na alikomalizia.

Durban yenyewe ilikuwa ya watoto na ya magoti ya mama. Alitembea ufukweni kila asubuhi bila kushika ukuta. Maji ya bahari yalikuwa ya ubaridi kidogo kuliko ya Bamburi, watoto wakaogelea huku wenyeji wakipita na majaketi wakiwatazama. Siku moja upepo wa moto ulivuma kutoka bara, wao huuita upepo wa mlimani, na ghafla tukawa katika joto kama la Machi. Jioni ukageuka na baridi ikashuka papo hapo. Na chakula! Wahindi waliletwa huko kuanzia mwaka wa 1860 kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na mchuzi wao unakujia ndani ya nusu mkate uliotolewa nyama yake ya katikati. Unakula chombo na kilichomo. Kitinda mimba bado hunidai nimpikie. Mama alionja, akauliza kwa nini wanaharibu mkate, akamaliza.

Milimani tulikwenda sisi wanne, tukafika Giant's Castle ambako watu wa kale wa jamii ya San wamechora swara na wawindaji kwenye kuta za mapango. Anga ilikuwa safi mpaka macho yanauma. Theluji hapakuwa nayo karibu. Kulikuwa na mstari mweupe juu kabisa ya genge, mbali, kama chokaa iliyomwagika, na watoto waliutazama kwa darubini ya kuazima wakazozana ni wa nani. Niliwakumbusha kwamba hata Mlima Kenya ukiutazama kutoka Nanyuki asubuhi una yake. Hawakufarijika.

Usiku wa mwisho tukiwa Durban, mama aliniita chumbani. Alitaka kujua, tiketi ya ndege ikishakatwa, je, huwa haibadiliki? Nikamwambia hubadilika kwa malipo. Akafungua mkoba wake, akatoa bahasha ya pesa za mahindi aliyokuwa ameibeba kutoka Busia bila sisi kujua. Tulimrudisha Pietermaritzburg kesho yake asubuhi kabla ya kwenda uwanja wa ndege, akabaki kwa bintiye hadi mwisho wa Septemba. Zile siku 90 zilimtosha na kubaki.

Sasa, wao huhesabu kwamba Septemba baridi imekwisha. Maua yalikuwa yameanza kuchanua na wifi alikuwa ameshakunja mablanketi. Ndipo Septemba 20, 2024 ikaanguka theluji ambayo haijaonekana kwa miaka mingi. Barabara ile ile tuliyoiteremka ilifungwa pale Van Reenen, na mamia ya watu wakalala ndani ya magari yao. Njia zilipofunguliwa, mkwewe alimpakia mama garini pamoja na pacha akawapeleka upande wa milimani waione kabla haijayeyuka.

Alitupigia simu jioni hiyo, watoto wangu wakiwa wamening'inia begani mwangu kusikiliza. Kitinda mimba aliangua kilio. "Lakini Nyanya alikuwa anataka joto!" Mama alimngoja anyamaze, kisha akamwambia kwamba theluji inafanana na barafu ya wauza samaki wa Port Victoria, ni nyingi kupita kiasi, na kwamba imemlowesha viatu.